Debe Uliloonja Mkunya

Newala, Jumapili baada ya ibada

Mjomba,

Shikamoo. Nimeandika neno hilo halafu nikakaa kidogo kusubiri marahaba yako. Mjinga mimi! Mama wa watoto wanne anamsubiri marehemu aitikie. Basi nimejiitikia mwenyewe kwa sauti yako ile ya kukwaruza, na Anjela akachungulia kutoka jikoni kuniuliza nazungumza na nani. Nimemwambia nasoma.

Naandika nyuma ya daftari lake la shule, maana karatasi nyingine sina. Barua hii sijui nitaipeleka wapi, nitaamua nikimaliza. Nimetoka kanisani sasa hivi na mahubiri sikuyasikia hata neno moja. Nilikuwa naimba wimbo wa ukurasa mwingine kabisa mpaka Mama Filipo akanigusa kwa kiwiko. Kichwa changu hakijatulia tangu Jumatano. Mtu wa kunijibu ni wewe, na wewe ndiye uliyelala pale nyuma ya kanisa chini ya msalaba wa mninga. Sasa nifanyeje?

Nianze na habari. Tangi lako la Mkunya limepasuka.

Usishtuke, halikuanguka. Ni ukuta mmoja tu, ule wa upande wa barabara. Wewe uliondoka mikorosho ikiwa na maua. Mvua za kwanza zilipoulowesha ule ukuta, tukaona michirizi myekundu inashuka toka juu mpaka chini, watoto wakasema tangi linatoka damu. Mvua zilipokatika zege likaanza kubanduka vipande vipande, na ndani nondo zinaonekana, zimevimba kwa kutu, ukizigusa zinamenyeka kama ganda la muhogo mkavu. Maji yaliyokuwamo tuligawana kata kwa kata. Sasa tumerudi kule kule bondeni, alfajiri na madebe kichwani, kama vile tangi halikuwahi kujengwa.

Na watu wana midomo, Mjomba, unawajua. Walianza kwa kunong'ona, halafu hawakunong'ona tena. Fundi Danieli kala saruji. Fundi Danieli alitia mchanga mtupu, saruji akajengea kwake. Wakawa wanakuja nyumbani kwako, eti wamekuja kumjulia hali mjane, kumbe macho yote chini, wanaitazama sakafu. Sakafu ile ile ya udongo wa kichuguu uliyoisugua kwa jiwe siku tatu mpaka ikang'aa, ukasema fundi hawezi kulala kwenye vumbi! Mmoja aliikwangua kwa ukucha wa mguu huku anamuuliza Mama Yohana habari za mjukuu. Mama Yohana alimwona. Yule mtu alipoondoka tu, mkeo akachukua jembe akachimba pembeni mwa mlango, ili kila anayeingia aone ni udongo juu mpaka chini. Sakafu yako sasa ina shimo, Mjomba. Ameliacha makusudi, tunaliruka tukiingia.

Na mimi muda wote huo nilinyamaza. Mimi! Wewe unajua kunyamaza kwangu kulivyo nadra. Nilinyamaza kwa sababu ya lile debe.

Nitaeleza yote toka mwanzo, kama naelezea mgeni. Labda nikiyapanga hivyo na mimi nitaelewa, maana kila nikiyafikiria yananikimbia.

Tangi lilikuwa na kuta nne, kila ukuta na siku yake. Wewe ulijifunza kukunja nondo kule Nachingwea kwenye mashamba makubwa ya karanga, na ndiyo maana Bwana wa Maji, yule Mzungu wa ofisini, alikuchagua wewe uwasimamie watu wa Mkunya. Kokoto zilikuja kwa lori, saruji kwa lori, lakini maji ya kukorogea zege yalikuwa juu yetu. Kila nyumba debe moja kwa kila ukuta. Na debe moja hapa kwetu si jambo dogo. Ni kuteremka ukingo wote mpaka kisimani, kungoja zamu, na kupanda tena jua limeshakuwa kali. Ulinifanya mimi kiongozi wa wanawake wa maji. Ulisema, "Agnesi, huo mdomo wako leo umepata kazi."

Kabla hujamwaga hata koleo moja la zege ulitukusanya wanawake wote ukatuonyesha misumari yako miwili. Unakumbuka? Mmoja uliutia kwenye kopo la maji matamu yaliyochanganywa na saruji kidogo. Mwingine kwenye kopo kama hilo hilo, ila uliongeza konzi ya chumvi. Ukayaacha pale nje ya ghala la saruji. Tulikucheka sana, tukasema mzee anapika misumari. Lakini tulipokuja kutazama baadaye, msumari wa kwanza ulikuwa mweusi, mzima. Wa pili ulikuwa umeota ukoko mwekundu. Ukasema, "Zege linakilinda chuma kama kiko kitandani. Chumvi ikiingia ndani haitulii, inakitafuta. Na chuma kikipata kutu kinanenepa, kinapasua ukuta kutoka ndani." Mama Filipo akauliza kama ni kweli chuma kinanenepa bila kula. Ulicheka mpaka ukakohoa.

Ilikuwepo pia ile dawa. Bwana wa Maji alileta kopo kubwa la unga mweupe, akasema ni jambo la kujaribu, wenzake wanalijaribu kwao. Kikombe kimoja kwa kila mfuko wa saruji, kinayeyushwa kwenye maji kwanza, na nondo zitapata nguvu ya kuishinda kutu hata kama chumvi kidogo imeponyoka ikaingia. Wewe hukusema unaiamini wala huiamini. Uliifungia kwenye sanduku lako la zana, ufunguo ukauvaa shingoni, kwa sababu unga wenyewe unafanana na chumvi na ulikuwa unaogopa mtoto asije akaulamba.

Halafu zaidi ya dawa ulikuwa na ulimi wako. Kila debe lililofika uliliingiza kidole, ukalamba, ukatema pembeni. Ukisema "Haya," linamwagwa kwenye pipa. Ukisema "Rudisha," linarudi. Hukujali ni la nani. La Mama Filipo ulilirudisha siku ya ukuta wa kwanza, lilikuwa na sabuni. Na mimi, kiongozi, mpwa wa fundi, nikasema mbele ya watu wote, "Mama Filipo anataka tangi lioge." Walicheka. Mama Filipo hakunisalimia mpaka mbaazi zikavunwa.

Ndiyo maana siku ya ukuta wa tatu, ule wa upande wa bonde, sikuweza kuja mikono mitupu.

Anjela alikuwa anachemka homa usiku kucha. Maji yangu yote nilimkanda nayo. Kulipokucha kulikuwa na kata moja tu ya maji matamu, na chungu nilichokuwa nimeloweka ng'onda toka jana yake, wale samaki wa chumvi wanaotoka Mikindani. Mjomba, wewe umezaliwa hapa hapa. Nani kwetu anamwaga maji? Ya kunawa uso yanafulia, ya kufulia yanasugulia masufuria, ya masufuria anakunywa mbuzi. Mimi toka nazaliwa sijamwona mtu mzima anamwaga maji chini hivi hivi. Basi niliyaacha yatulie, nikayachuja kwa kaniki mara mbili, nikaongeza ile kata moja, nikaweka majani ya mkorosho juu kama tunavyoweka siku zote yasimwagike njiani. Majani yalikuwa mengi kuliko siku zote. Nilijiambia chumvi imebaki kwenye samaki. Nilijiambia ni kidogo. Nilijiambia mengi njia nzima.

Nikafika. Nikasimama kwenye mstari. Ulitoa majani ukaingiza kidole, ukalamba.

Ukanitazama.

Hapo ndipo akili yangu inapogota kila siku. Ulinitazama kwa muda ambao hukuwahi kumtazama mwanamke mwingine yeyote wa maji. Mbele yangu walikuwepo watu, nyuma yangu walikuwepo watu. Halafu ukasema, "Haya, Mama Anjela." Hukusema Agnesi. Ukalimwaga debe langu kwenye pipa kwa mkono wako mwenyewe, ukaenda kwenye sanduku, ukavua ufunguo shingoni. Nilikuona unachota dawa. Unachota, unachota tena. Sikuhesabu vile vikombe kwa sababu nilikuwa nageuza uso.

Siku ile ulikuwa na jino linakusumbua, ulikuwa umebana ugoro kwenye fizi. Miaka yote hii nimelala usingizi juu ya huo ugoro wako, Mjomba. Nikajiambia ulimi wake ulikuwa umekufa ganzi, hakuonja kitu. Lakini kama hukuonja kitu, kwa nini ulinitazama? Na kama ulionja, kwa nini hukuniambia rudisha?

Kesho yake mkamaliza ukuta wa nne, huu wa barabarani. Padre akaja akabariki, maji yakaingia, tukacheza ngoma. Tukala mizizi ya ming'oko kwako jioni ile, ukanimegea kipande kikubwa.

Kisha yale ya hospitalini. Kifua kilipokubana nilikuwa nakuja kukulisha uji, na siku moja ukanishika mkono ukauliza, "Ukuta wa barabarani upo?" Nikakujibu, "Upo, Mjomba. Ukuta utaenda wapi?" Ukageukia upande wa pili. Nilidhani ni homa. Hapana, nakudanganya, na kumdanganya marehemu ni kazi bure. Niliogopa. Niliona umeanza na ukuta wa barabara, ukiendelea utafika kwenye ukuta wa bonde, ukuta wangu. Nikakutia kijiko cha uji mdomoni haraka haraka ili usiendelee. Hukuendelea. Siku tatu baadaye tukakuzika. Nisamehe kile kijiko.

Kwa hiyo niliposikia tangi linatoka damu, sikuuliza ni upande gani. Nikasema ni ukuta wangu huo. Nilikwenda peke yangu, nikapitia chini, upande wa bonde, nimeinamisha kichwa. Nikainua macho.

Msafi! Mjomba, ukuta wangu ni msafi. Hauna ufa, hauna doa, upo vile vile ulivyotoa mbao. Niliupapasa kwa viganja vyote viwili. Nilicheka peke yangu pale kama mwendawazimu. Halafu nikazunguka kona nikauona ule wa barabarani.

Sikuelewa, na kwa kweli nilikasirika. Samaki wangu nimewatia huku, kutu imetokea kule. Chumvi ina miguu? Nikarudi nyumbani, nikajiambia basi, si ukuta wangu, hainihusu. Nikaishi na neno hilo miezi. Watu wanakuita mwizi, mimi nasema moyoni hainihusu. Mpaka siku nilipoingia kwako nikakaribia kutumbukia kwenye lile shimo la mlangoni. Mama Yohana akanishika mkono, akasema tu, "Angalia, mwanangu, hapo pana shimo." Nililia pale pale na yeye hakujua nalia nini.

Jumatano palikuwa na baraza. Liwali alikaa kwenye kiti chake, Bwana wa Maji alikuja na nyundo na mkalimani, na watu wa Mkunya walijaa mpaka nje. Swali lilikuwa moja: Fundi Danieli aliiba saruji au hakuiba? Mama Yohana alikaa mbele kwenye mkeka, amejifunga kaniki yake ya msiba. Mzee mmoja alisema, mwingine akasema, na wote walisema saruji. Mimi nilikuwa bado najishauri. Mwili ukasimama kabla sijaamua.

Nilieleza vibaya. Nilianza na homa ya Anjela, nikaruka kwenye ugoro, nikarudi kwenye ng'onda, Liwali akaniambia, "Mama, panga maneno." Nikayapanga. Nikasema nilileta maji ya samaki, Mjomba wangu akayapokea. Wee! Kicheko kilichotoka pale! Kuna aliyesema tumekuwa tunakunywa mchuzi miaka yote bila kujua. Bwana wa Maji yeye hakucheka. Alimuuliza mkalimani mara tatu ng'onda ni nini, akataka aletwe mmoja. Akaletwa. Akamnusa, uso ukamkunjamana wote, akaandika kwenye daftari lake.

Halafu Mama Filipo akainuka. Nikasema leo nimepatikana, leo analipiza ile sabuni. Akasema, "Na mimi. Ukuta wa mwisho."

Alikuwa nyuma yangu kwenye mstari siku ile, Mjomba. Alisikia harufu. Aliona umelamba, aliona umenitazama, aliona umesema haya. Na mwanamke yule ana haki yake, lake lenye sabuni lilirudi. Basi jioni ile akawaambia wenzake: kama ya mpwa wake yamepita, yetu yatashindwaje? Kesho yake, siku ya ukuta wa barabarani, hakuna aliyejisumbua tena. Aliyekuwa na maji ya samaki alileta ya samaki. Aliyesugua masufuria kwa chumvi na majivu alileta maji hayo hayo. Baada ya Mama Filipo akasimama mwingine, na mwingine, mpaka upande wote wa wanawake ukawa umesimama. Na wote walisema neno moja, kwamba uliyaonja yote. Haya. Haya. Haya. Ungemrudisha nani, baada ya kunipitisha mimi?

Bwana wa Maji akaeleza, mkalimani akitafsiri polepole. Alikuwa ameshavunja kidogo ukuta wa bonde akatazama ndani, nondo zake ni nyeusi, nzima. Akasema debe moja peke yake lisingeweza kuua ukuta mzima, kikombe kile kile cha dawa kwa kila mfuko kingetosha kabisa. Lakini madebe yote ya siku nzima, tena bila dawa, hayo ndiyo yaliyouharibu. Akashangaa dawa ilikwenda wapi, maana kopo lilitosha kuta zote nne na kubaki. Macho yote yakanigeukia. Nikasema ukweli, kwamba nilikuona unachota mara nyingi. Yote uliitia kwenye ukuta wangu, Mjomba, kwa ajili ya debe moja ambalo halikuihitaji. Ukaingia kwenye ukuta wa nne na kopo tupu, na ulijua wanawake wanaleta nini.

Liwali akasema fundi hakuiba, na karani akaandika hivyo. Jina lako limesafishwa. Mama Yohana alifunika uso kwa kaniki, akakaa hivyo mpaka watu wakaisha. Nilidhani na mimi nitatoka pale nimetua mzigo. Lakini mlangoni nikamsikia mwanamume mmoja anamwambia mwenzake, "Kumbe hakuwa mwizi. Alikuwa mjomba tu."

Neno hilo sijui nilifanyeje. Nimelibeba toka Jumatano. Nikilisikia hivi ni sifa, nikilisikia hivi ni tusi. Mimi ndiye niliyekuosha na mimi ndiye niliyekupaka matope. Walikuwa wanakuita mwizi, sasa wanakuita mlegevu. Ungechagua lipi? Pengine ulipanga siri ile ife na wewe, nami nimeitoa mbele ya Mzungu na samaki mkononi. Nimekutetea au nimekusaliti? Nijibu basi! Nakukasirikia, nakwambia wazi. Mtu uliyeweza kumrudisha Mama Filipo, mtu uliyeweza hata kumrudisha katekista, mimi ulishindwa nini? Uliogopa watanicheka? Walinicheka Jumatano na sikufa. Au uliogopa mdomo wangu? Au ni mapenzi tu? Mpaka sasa sijui kama siku ile ulinipenda au ulinionea aibu, na nilikuwa nimezoea kukuelewa bila kuuliza.

Lipo moja bado. Ukuta wa barabarani umevunjwa, unajengwa upya. Bwana wa Maji amepata fundi kutoka Masasi, kijana mzuri, ila ulimi wake anasema haujui maji yetu. Akauliza nani ataonja. Wanawake wakanitazama. Nikakataa, nikasema mimi ndiye nisiyefaa kuliko wote. Mama Filipo akasema, "Ndiyo maana utaonja wewe." Huyo mwanamke! Basi nimepewa kidole chako, na ufunguo wa sanduku nimeuvaa shingoni. Kopo jipya limefika.

Tulianza jana asubuhi. Nikaonja, haya, nikaonja, haya. La tano lilikuwa la Mama Yohana. Lina majani juu, limefungwa vizuri. Nikaingiza kidole.

Chumvi, Mjomba.

Si kwamba alikusudia. Macho yake yamepungua toka ulipoondoka, anashika chungu hiki akidhani ni kile. Alisimama mbele yangu anahema, jasho linamtoka, ameupanda ule mlima mzima wa kutoka nyumbani kwako na debe kichwani, mama wa miaka ile, ili aongeze maji yake kwenye ukuta uliomchafulia jina. Na nyuma yake mstari mzima unanitazama mdomo. Nikamtazama. Nikajua nilikuwa namtazama vile vile ulivyonitazama mimi. Na lile neno, haya, lilikuja lenyewe mpaka kwenye meno. Ni jepesi! Sikujua ni jepesi namna ile. Na ufunguo nilikuwa nao hapa kifuani, kopo zima limejaa.

Nikamsogelea sikioni nikasema, "Rudisha, mama."

Hakunikasirikia. Akaniambia taratibu, "Mjomba wako angeyapokea."

Nikalichukua lile debe mwenyewe, nikashikana naye mkono, tukarudi wote mpaka nyumbani, tukaliruka shimo, tukapima maji matamu ya chungu chake na ya chungu changu niliyoyafuata kwangu mpaka debe likajaa. Tukapanda tena. Kazi ilisimama ikitungoja na yule fundi kijana alinuna, akisema zege haliwezi kungoja. Lilingoja. Nikaingiza kidole mbele ya watu wote nikalamba, nikasema haya. Nikatia dawa, kikombe kimoja kwa mfuko mmoja, sikuongeza hata punje.

Kwa hiyo ilikuwa inawezekana, Mjomba. Hilo ndilo linaloniumiza kuliko yote. Ungeniambia rudisha ningelia, ningenuna wiki nzima, ningekusema kwa majirani. Halafu ningerudi. Mimi ni mtoto wa dada yako, ningekwenda wapi?

Barua hii nimeamua. Sitaileta kaburini, mchwa watailamba. Kesho tunamalizia ukuta, nami nitaichoma pale nje ya ghala, mahali ulipoweka yale makopo ya misumari, ili uisome unavyojua. Na lile shimo la mlangoni nitalifukia mwenyewe kwa udongo wa kichuguu, nisugue kwa jiwe lako siku tatu, hata kama halitang'aa kama lako. Mama Yohana ameshakubali.

Nakuahidi hili moja tu, maana mengine sijayaelewa: kila debe litakalokuja nitalionja, liwe la Liwali, liwe la Anjela, na la chumvi litarudi, ila halitarudi peke yake. Nitakwenda nalo mpaka nyumbani.

Lala, Mjomba. Ukuta wa barabarani upo.

Mimi, mpwa wako,
Agnesi